Tamasha la mvinyo la Bad Dürkheim: uende siku gani, ukae wapi, unywe kwa mpango gani

Dürkheimer Wurstmarkt ni tamasha lisilo na kiingilio wala geti, na hakuna anayekulazimisha kununua chochote. Ndiyo maana wengi huingia bila mpango, wakanywa upesi, wakala vibaya, wakaondoka wakisema ni makelele matupu. Hawasemi uongo. Jumatatu saa tano asubuhi tamasha hili ni bora sana; Jumamosi saa tatu usiku ni la kuvumilia tu. Mvinyo ni uleule siku zote mbili. Kinachobadilika ni umati, benchi unalopata na mpangilio wa unachokunywa, na mambo hayo matatu yamo mikononi mwako.

Bad Dürkheim ni mji mdogo wa Pfalz, eneo la mizabibu kusini-magharibi mwa Ujerumani. Umekaa juu ya Deutsche Weinstraße, barabara ya mvinyo ya kilomita 85 iliyozinduliwa 1935. Tamasha huja kila Septemba na kupokea watu zaidi ya 600,000, na mji hulitangaza kuwa kubwa kuliko matamasha yote ya mvinyo duniani. Historia yake huhesabiwa kuanzia 1417, enzi za mahujaji waliopanda kwenda kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli kilimani, wakulima wakawangojea na mvinyo, mikate na soseji walizosukuma kwa mikokoteni ya gurudumu moja. Jina Wurstmarkt, yaani soko la soseji, lilishika katika karne ya 19, kwa wingi wa soseji zilizoliwa pale.

Siku na saa

Tamasha huchukua wikiendi mbili, ya pili na ya tatu za Septemba. Ya kwanza huanza Ijumaa hadi Jumanne, ya pili Ijumaa hadi Jumatatu. Katikati pana Jumatano na Alhamisi ambazo hakuna kitu. Wapo wageni wanaosoma tarehe ya mwanzo na ya mwisho tu, wakakata tiketi za katikati, wakafika na kukuta mabenchi matupu na wafagiaji. Kabla hujalipia chumba, hakikisha siku yako haiangukii kwenye pengo hilo.

Siku ya kuchagua ni Jumatatu au Jumanne. Umati hupungua, wenye mashamba huwa wametulia kwenye vibanda vyao wenyewe badala ya kuwaachia vijana wa kuajiriwa, na ukiuliza swali kuhusu mvinyo unajibiwa kwa kirefu. Kama huna budi kwenda wikiendi, nenda Jumapili mapema. Jumamosi jioni foleni za chakula huwa ndefu, muziki wa mabanda makubwa hugongana na wa mabembea, na kupata nafasi ya watu wanne kwenye benchi moja ni bahati nasibu. Ijumaa ya ufunguzi ina shangwe yake, lakini kwa mtu anayetaka kuonja mvinyo haifai.

Ufike saa tano asubuhi. Saa hiyo jua halijachoma maturubai, glasi hutoka baridi, na Saumagen ya kwanza, tumbo la nguruwe lililojazwa nyama na viazi, iko kwenye kikaango kisicho na msongamano. Kuanzia saa kumi alasiri watu huanza kumiminika kutoka kazini, na mtu aliyekwisha kula na kuonja anaweza kuamua kwa utulivu kubaki au kuondoka.

Gari liache. Sheria ya Ujerumani inaweka kikomo cha gramu 0.5 za alkoholi kwa kilo ya damu, lakini kuanzia gramu 0.3 unaweza kuadhibiwa ukisababisha ajali au ukionekana unayumba barabarani. Dereva wa chini ya miaka 21, au aliye katika muda wa majaribio wa leseni, hatakiwi kuwa na alkoholi yoyote. Kuna njia mbili nzuri zaidi. Tramu namba 4 ya Rhein-Haardtbahn hutoka Mannheim, hupita Ludwigshafen, hukata mashamba ya tambarare na kuishia stesheni ya Bad Dürkheim. Hesabu kama saa moja. Anayetoka upande wa Neustadt ana treni ya mkoa, fupi zaidi. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani, inakubalika kwenye zote mbili. Kutoka stesheni hadi uwanjani ni mwendo wa kama dakika kumi kwa mguu, na hutapotea: fuata watu. Kosa la kawaida ni kutoangalia safari ya mwisho ya usiku hadi ukiwa tayari kwenye benchi la tatu. Iandike ukiwa bado stesheni, pamoja na ile inayoitangulia, maana ya mwisho hujaa.

Vibanda vya mkokoteni

Roho ya tamasha iko kwenye Schubkärchler. Ni vibanda 36 vilivyorithi ile mikokoteni ya zamani: paa la turubai, kaunta ndogo, na meza ndefu nyembamba zenye mabenchi pande zote mbili. Wembamba wa meza ndio unaofanya kazi. Uso wa aliye mbele yako uko karibu kiasi kwamba huwezi kujifanya humwoni, magoti yanagusana, na baada ya dakika chache mnaongea. Mgeni anayengoja meza tupu atasimama siku nzima, kwa sababu meza tupu haipo na haitakiwi kuwepo. Unakwenda pale penye upenyo wa nusu mtu, unauliza kama pana nafasi, na benchi zima linasogea. Wawili hupenya popote. Sita wawe wamefika kabla ya saa sita mchana au wakubali kugawanyika. Kaa ndani zaidi kama unapanga kukaa muda mrefu. Mtu wa mwishoni mwa benchi husimama kila mwenzake anapokwenda chooni.

Kinachonywewa hapo huja kwenye Dubbeglas, glasi nene ya nusu lita, pana juu na nyembamba chini, yenye vishimo vya mviringo ubavuni ili isiteleze mkononi. Vipimo vidogo vya robo lita vipo pia, ila utamaduni umejengwa juu ya ile ya nusu lita, kwa sababu huzungushwa. Aliyenunua hunywa kidogo, humpa jirani, jirani hunywa na kuipitisha. Mgeni hupewa pia, mara nyingi kabla hata hajajua jina la anayempa. Adabu yake ni nyepesi: kunywa funda moja au mawili, ipitishe upande uleule ilikokuwa ikielekea, usiishike huku ukisimulia hadithi, na ukiimaliza glasi ya wenzako simama ukanunue nyingine. Asiyependa kunywa glasi moja na watu wengi aseme tangu mwanzo na aagize yake ndogo. Hakuna atakayekasirika, ila ukikataa bila neno baada ya kunyooshewa, benchi linapoa.

Kwa kukaa na kuzungumza na watu, hatujui tamasha la mvinyo linalofanya vizuri kuliko hili. Kwa kuonja mvinyo wenyewe, hapa sipo. Mdomo mpana wa Dubbeglas unapoteza harufu, kioo kinene huchukua joto la mkono, na nusu lita kwenye jua la Septemba haibaki baridi hadi mwisho. Riesling, mvinyo mweupe mkuu wa hapa, hunoga kwenye nyuzi 8 hadi 10. Ikifika 16 alkoholi ndiyo inayotangulia puani na uchangamfu umekwisha. Kumwaga Spätlese nzuri, mvinyo wa zabibu zilizochelewa kuvunwa, kwenye glasi hii ni kuiharibu. Acha Dubbeglas ifanye kazi yake, nayo ni schorle.

Schorle na hesabu yake

Schorle ni mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi. Mahali pengi duniani mchanganyiko huo ni nusu kwa nusu. Pfalz mvinyo ndio mwingi, na robo tatu ya mvinyo kwa robo ya maji si ajabu. Hapo ndipo wageni wanapoangukia. Ladha ni ya kinywaji chepesi cha kukata kiu, mkono unarudi tena na tena, na nusu lita imekwisha kabla soseji haijaletwa.

Chukua mvinyo wa asilimia 12. Schorle ya nusu lita yenye robo tatu ya mvinyo ina mililita 375 za mvinyo, yaani mililita 45 za alkoholi tupu, sawa na gramu 35 hivi. Ya nusu kwa nusu ina gramu 24. Nusu lita ya mvinyo usiochanganywa ina gramu 47. Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa kama gramu 7 kwa saa. Kwa hiyo schorle moja ya Pfalz, ukiinywa peke yako, inakaa mwilini saa tano, na hakuna kahawa wala supu inayoharakisha jambo hilo. Mbili kabla ya saa nane mchana zinatosha kukunyima jioni nzima. Njia ya kukaa siku kamili ni kuzungusha glasi kama wenyeji, kula kabla ya funda la kwanza, na kunywa glasi ya maji kila baada ya schorle. Unaweza pia kuomba iongezwe maji. Ni ombi la kawaida, sema tu unapoagiza, si baada ya kumiminiwa.

Agiza schorle ya Riesling mkavu. Sababu iko kwenye uchachu. Riesling mkavu wa eneo hili huwa na asidi ya gramu 7 hadi 8 kwa lita, na baada ya kupunguzwa kwa robo ya maji bado hubaki na gramu 5 hadi 6, kiasi cha kutosha kuuchangamsha ulimi. Grauburgunder, aina nyingine ya mvinyo mweupe, huanza na gramu 5 au 6, ikipunguzwa huporomoka hadi karibu 4, na kinachobaki ni maji yenye harufu ya mvinyo. Mvinyo mtamu nao ukitiwa maji hunata mdomoni bila kukata kiu. Barafu usiikubali: inayeyuka, inazidisha maji, inaua gesi. Schorle njema inatoka kwenye mvinyo baridi na maji baridi, basi. Ukiona chupa za maji zimesimama juani nyuma ya kaunta, hamia kibanda cha jirani.

Weindorf, kwa anayetaka kuonja

Mvinyo unaouzwa kwenye tamasha ni wa mashamba ya Bad Dürkheim wenyewe, na aina zote kwa pamoja zinapita 300 ukihesabu na zile zenye mapovu. Mahali pa kuzionja ni Weindorf, kijiji cha mvinyo ndani ya uwanja, penye utulivu zaidi na glasi zenye shina. Hapa ndipo saa mbili za mchana zinapolipa.

Omba kipimo cha desilita moja pale kinapotolewa. Glasi za biashara Ujerumani zina mstari wa kipimo uliochorwa kwenye kioo. Mvinyo ukiwa chini ya mstari, rudisha kwa upole, utaongezewa. Aina tano au sita zinatosha kwa mtu mmoja. Anza na sekt, mvinyo wenye mapovu, kwa sababu ulimi bado msafi. Fuata na mvinyo mweupe wa Weißburgunder, halafu Riesling mkavu, halafu Scheurebe, mweupe pia, halafu mwekundu mmoja, na umalizie na mtamu. Ukianza na mtamu, kila mkavu unaofuata utaonekana mchungu na mchachu, nawe utamlaumu mkulima bure. Ukitanguliza mwekundu mzito, tanini, yaani ukakasi wa maganda ya zabibu, hukausha ulimi na Riesling hupita bila kusikika.

Maneno ya kwenye lebo huwapotosha watu, na hapa inafaa kuwa makini. Trocken ni mkavu: sukari iliyobaki ni hadi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 mradi asidi isipungue sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2. Halbtrocken huruhusiwa hadi 12, au 18 kwa masharti kama hayo ya asidi. Feinherb halina kipimo cha kisheria. Kwa kawaida ni mvinyo wenye utamu kidogo. Sasa Kabinett, Spätlese na Auslese hazisemi utamu wa kilicho ndani ya chupa. Zinasema sukari iliyokuwa kwenye zabibu siku ya mavuno. Mkulima anaweza kuiacha chachu iile sukari yote, ukapata Spätlese trocken kavu kabisa. Kama huna wa kumuuliza, tazama asilimia ya alkoholi: Riesling ya 8 au 9 ina sukari nyingi iliyobaki, ya 12.5 kwenda juu karibu kila mara ni kavu.

Katika nyekundu, Dornfelder ndiyo utakayoiona kila mahali. Ni zao la Ujerumani lenyewe, lililozalishwa 1955, lina rangi nzito inayoahidi makubwa kuliko ladha inavyotoa. Iliyopoozwa kidogo inakwenda vizuri na soseji. Anayetaka mwekundu wa kufikiria aombe Spätburgunder, yaani Pinot noir. Scheurebe, iliyozalishwa 1916, ndiyo tunayompendekezea kwanza msomaji wa pwani: harufu yake ni ya balungi na pasheni, na ikiwa kavu inachukua hata pilipili.

Chakula

Saumagen ndicho chakula cha kuhukumia banda. Ni tumbo la nguruwe lililojazwa vipande vya nyama ya nguruwe, vipande vya viazi na nyama laini ya soseji, vikiungwa kwa majorama, kungumanga na pilipili manga nyeupe. Kansela Helmut Kohl, mwana wa Pfalz, aliwalisha wageni wake wa kitaifa chakula hiki, Margaret Thatcher na Mikhail Gorbachev wakiwemo. Tumbo ni mfuko tu wa kushikilia. Upishi wenyewe uko kwenye joto. Huiva polepole ndani ya maji ya nyuzi 80 hivi kwa saa mbili hadi tatu. Maji yakichemka, mfuko hupasuka na mafuta kukimbia. Ikishaiva hukatwa vipande vya sentimita moja na zaidi kidogo, kisha hukaangwa pande zote mbili.

Hapo kwenye kukaanga ndipo mabanda mengi yanapoanguka wakati wa foleni. Kikaango kikijazwa vipande baridi, joto hushuka, maji hutoka, nyama inachemka badala ya kukauka juu, na unapewa kipande cha kijivu chenye unyevu. Simama kando ya kaunta kwanza uangalie. Unataka kusikia mchomo, uone ukoko wa kahawia pembeni, na viazi viwe bado na umbo lake. Kama vipande vimeshapangwa kwenye trei vikingojea wateja, pita. Huliwa na kabichi iliyochachushwa na mkate au viazi, na Riesling mkavu ndiyo mwenza wake, kwa kuwa uchachu hukata mafuta.

Anayetaka vyote vitatu vya mkoa kwa pamoja aagize Pfälzer Teller: Saumagen, soseji ya kukaanga na donge la maini. Ni sahani ya watu wawili, hata kama mhudumu ataileta na uma mmoja. Soseji ya kienyeji huwa ya nyama ya kusagwa kwa ukubwa, yenye majorama, na kwa maoni yetu ndiyo inayokosewa mara chache zaidi uwanjani. Donge la maini likiwa jema ni laini na lina harufu ya kitunguu. Likiwa gumu limechemshwa kwa fujo. Usilinywee Dornfelder iliyokaa kwenye pipa la mwaloni, maana maini na tanini vikikutana huacha uchungu wa chuma mdomoni. Weißburgunder ni salama.

Septemba pia ni msimu wa mvinyo mpya, ule unaouzwa ukiwa bado unachachuka, mweupe kwa chachu, mtamu, na wenye gesi. Kileo chake huanzia asilimia 4 na kupanda kila siku, kwa hiyo wa wiki ya pili si ule wa wiki ya kwanza hata ukitoka pipa lilelile. Hunywewa na pai ya vitunguu. Glasi moja inatosha. Chachu hai inaendelea na kazi tumboni. Kifuniko cha chupa yake huachwa kimelegea kwa sababu gesi ingeilipua, kwa hiyo ukinunua ya kwenda nayo, ishike wima safari nzima ya tramu.

Kwa asiyekula nguruwe, tamasha hili lina ugumu na ni haki kusema wazi. Pai ya vitunguu kwa kawaida ina vipande vya nyama ya nguruwe iliyofukizwa, kabichi hupikwa na mafuta yake mara nyingi, na donge la maini linaweza kuwa la nguruwe. Kuuliza ni lazima kwa kila sahani. Kinachobaki si kidogo: Dampfnudel, mkate wa hamira unaoiva kwa mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa, juu laini na chini una ukoko wa chumvi, unaoletwa na sosi ya vanila au ya mvinyo, basi asiyetumia pombe aombe ya vanila. Kuna chapati za viazi vya kukwaruzwa zenye rojo la tufaha, na jibini laini nyeupe na viazi vya kuchemsha. Asiyekunywa pombe aagize juisi ya zabibu iliyochanganywa na maji ya gesi. Inakuja kwenye Dubbeglas ileile, hivyo benchi halimtengi mtu.

Kuzunguka uwanja

Riesenfass, pipa kubwa linaloonekana kutoka mbali, lilijengwa 1934 na mtengenezaji wa mapipa Fritz Keller. Kipenyo chake ni mita 13.5, na lingejazwa lingechukua lita milioni 1.7, ila halikuwahi kuwekwa mvinyo. Ndani yake mna mgahawa. Litazame kwa nje, piga picha, rudi vibandani. Wakati wa tamasha kukaa ndani ya pipa ni kukosa kilicho nje.

Mabembea na gurudumu kubwa vipo upande mmoja wa uwanja, vya kutosha kwa watoto kutwa nzima. Wapeleke kabla ya jioni. Kukiwa na kelele nyingi, kando tu kuna Saline, ukuta wa matawi ya miiba wenye urefu wa zaidi ya mita 300 ambao maji ya chumvi hutiririka juu yake. Hewa yake ni baridi na yenye chumvi, na nusu saa hapo inamrudisha mtu kwenye hali yake. Mwenye miguu apande kilima cha Michelsberg kati ya mizabibu. Kutoka kwenye kanisa dogo unaona uwanja wote na unaweza kuchagua upande wenye watu wachache.

Beba fedha taslimu, noti ndogo na sarafu. Sarafu ni za vyoo hasa. Glasi hutolewa kwa amana, na amana hurudishwa pale ulipoichukulia, si popote. Ukihama na glasi ya kibanda kimoja hadi kingine utarudi nyuma kuifuata pesa yako. Jioni za Septemba hupoa upesi jua likizama nyuma ya misitu, kwa hiyo koti jepesi lisikosekane hata kama mchana umeungua.

Usinunue chupa uwanjani ili uzibebe siku nzima kwenye joto. Andika jina la shamba na la mvinyo ulioupenda, kisha kesho yake nenda kwa mkulima mwenyewe mjini, ambapo utaonja tena kwa kichwa kitulivu na kujua kama ulichokipenda ni mvinyo au ni kampani. Kwa Riesling mkavu tafuta lebo zenye jina la shamba la Spielberg au Michelsberg. Ukienda kaskazini kidogo hadi kijiji cha Ungstein, uliza Weilberg, shamba la udongo mwekundu juu ya chokaa, ambako pia kuna mabaki ya jumba la shamba la Kirumi lenye mahali pa kukamulia zabibu. Weingut Pfeffingen, kati ya Ungstein na mji, wanasifika kwa Scheurebe. Ukiwa na nafasi ya chupa mbili tu kwenye begi, chukua Riesling trocken moja na Scheurebe moja, uzifunge katikati ya nguo, na uziache zitulie siku kadhaa baada ya safari kabla ya kuzifungua.